Mchanga Husingizia Injini: dalili, vyanzo na tiba kwa anayeendesha pikipiki peke yake pwani ya Mtwara na Lindi

Mara ya kwanza pikipiki yangu kuishiwa nguvu ufukweni Msimbati, nilifungua kabureta. Ilikuwa mchana, niko peke yangu, matenga mawili ya pweza nyuma, shuka nimeitandaza chini ili skrubu zisipotee. Nilisafisha, nikapuliza, nikafunga. Pikipiki ikawa vilevile, ila sasa na chembe za mchanga zimeshaingia kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha petroli ndani ya kabureta. Mzee mmoja aliyekuwa akirekebisha nyavu kivulini akaja, nikamwamkia, akaitikia, kisha akabonyeza tairi langu la nyuma kwa kidole gumba. "Mjukuu wangu, tairi hili ni gumu kama jiwe. Litapitaje kwenye mchanga? Punguza upepo." Nilipunguza. Mita mia mbili baadaye nilikuwa nakwenda bila shida, mpaka ile chembe ya kwenye jeti ilipoanza kunisumbua njiani Madimba.

Hilo ndilo ninalotaka ulishike kabla ya mengine yote: mchanga husingizia injini. Dalili utaisikia kwenye injini, kwenye klachi au kwenye usukani, lakini mara nyingi chanzo kiko kwenye upepo wa tairi, kwenye namna ulivyofunga mzigo, au kwenye saa uliyochagua kupita. Mkiwa wawili mnaweza kukisia. Ukikosea, mwenzako anasukuma. Ukiwa peke yako, kila kifuniko unachokifungua ufukweni ni mlango wa mchanga, na hakuna wa kukushikia tochi. Kwa hiyo kila dalili hapa chini naianzia nje ya injini, kwenye kile unachoweza kukihakikisha kwa jicho na mkono, na spana inakuja mwisho.

Nazungumzia pikipiki tunazotumia huku, Boxer, TVS na za aina yao, za cc 100 hadi 150, zinazopozwa na hewa, zenye kabureta na tairi za tyubu. Njia ni zile za mchanga katikati ya mikorosho na minazi, na ufukwe wenyewe maji yakipwa: Msimbati kwenda Ruvula, Msangamkuu ng'ambo ya kivuko, njia za Mgao na Sudi, Kitunda mkabala na Lindi mjini, na huko Mchinga.

Kabla ya dalili yoyote: maji yako wapi?

Pikipiki ikikwama ufukweni, tazama bahari kabla ya kuigusa. Maji yanatoka au yanarudi?

Siku za bamvua, yaani zile zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwenye pwani yetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi na hujaa mnamo saa kumi hadi kumi na moja jioni. Kila siku nyakati hizo huchelewa kwa dakika 50 hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yako juu, na hata yakipwa jioni hayaachi ufukwe mpana. Wakati wa bamvua tofauti ya kina kati ya kupwa na kujaa huweza kuzidi mita 3. Kwenye ufukwe ulio mlalo, mita hizo 3 za kupanda juu ni makumi ya mita za kukufuata wewe.

Kinachowaponza wengi ni mwendo wa maji. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanarudi polepole, unajiona una muda. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Mimi huingia ufukweni saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, na nahakikisha nimetoka kabla saa mbili baada ya hapo hazijaisha. Kama saa hiyo ya pili imefika na pikipiki bado haiendi, ukarabati unasubiri: fungua mzigo, burura pikipiki ivuke ule mstari wa mwani mkavu na takataka ulioachwa na maji ya mwisho kujaa. Tena ikiwa siku zinaelekea bamvua, ivushe zaidi, maana maji yajayo yatapita mstari huo.

Na usione haya kuuliza. Akina mama wanaokwenda kuokota kombe na kuchokoa pweza hawakosei saa. "Mama, maji vipi?" inatosha. Ukiwaona wanarudi kwa wingi na ndoo zao kichwani, nawe rudi.

Injini inalia sana, pikipiki haiendi

Hii ndiyo dalili ya kwanza ya kila mgeni wa mchanga, na ndiyo inayowapeleka watu kununua klachi pleti wasizozihitaji.

Anza na upepo. Barabara ya lami ya Mtwara hadi Lindi wengi hujaza paundi 25 mbele na 30 au zaidi nyuma, na ndivyo inavyotakiwa. Kwenye mchanga mkavu tairi hilo linakata kama kisu. Punguza hadi paundi 16 mbele na 18 nyuma, ukiwa na mzigo mzito acha 20 nyuma. Tairi litalala, litapata nyayo pana, litapanda juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Usishuke sana chini ya hapo. Tairi zetu hazina kibano cha kulishikilia kwenye rimu, kwa hiyo likilegea mno rimu huzunguka ndani yake, huvuta tyubu na kukata shingo ya valvu. Tyubu iliyokatika shingoni haizibiki kwa kiraka. Nina alama mbili za kunionya. Kwanza, nimechora mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka rimu kwenda tairi. Vipande vyake viwili vikiachana, najua tairi linahama. Pili, ile nati ndogo ya shingo ya valvu siikazi kwenye rimu, naipandisha juu kabisa karibu na kifuniko. Hivyo valvu ikianza kuinama naiona kabla haijakatika.

Geji ndogo ya upepo ni ya bei nafuu kuliko tyubu. Usipokuwa nayo, nyumbani jifunze kwa kidole tairi la paundi 18 linabonyea kiasi gani, kama yule mzee.

Upepo ukiwa sawa na dalili ikabaki, sasa pima klachi, lakini usiipimie kwenye mchanga mlaini. Nenda mahali pagumu: mchanga uliolowa karibu na maji, au njia ya kifusi. Weka gia ya tatu, nenda mwendo wa wastani, kisha vuta mafuta kwa mkupuo. Mlio ukipanda pamoja na mwendo, klachi yako nzima, na ni mchanga tu uliokuwa ukikubana. Mlio ukipanda na mwendo ukabaki pale pale, klachi inateleza.

Hata ikiteleza, pleti bado ni za mwisho. Shika ncha ya mkono wa klachi: lazima iwe na mchezo wa kama milimita 10 kabla haijaanza kuvuta. Ukitembea kwenye mchanga huku umeikamata klachi nusu nusu, pleti zinapata moto na kulika, mchezo ule unapungua, na klachi haifungi tena sawasawa. Simama, iache ipoe nusu saa, legeza waya, jaribu tena. Halafu jiulize oili iliyomo ni ya aina gani. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na oili nyingi za magari zina viungo vya kupunguza msuguano. Kwa gari ni faida, kwa klachi yako ni utelezi. Fundi mmoja mjini aliwahi kunimiminia oili ya gari kutoka kwenye galoni akidai ni ile ile. Nilipoteza safari mbili za Msimbati kabla sijajua.

Ukishayamaliza hayo yote na bado inateleza, hapo kweli pleti zimeisha.

Tairi la mbele linataka kwenda kwake

Usukani unacheza kulia na kushoto, unaukaza, unacheza zaidi, unapunguza mwendo, unaanguka. Mchanga ndivyo ulivyo. Tairi la mbele likipungua mwendo linazama, likizama linatafuta upande. Wengi wanaanguka kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa, wachache kwenye 35.

Simama juu ya vikanyagio, magoti yabane tangi, kiuno kirudi nyuma ili mbele kuwe kwepesi. Mikono ilegee, acha usukani ucheze kidogo. Macho yaangalie mita 20 mbele, kamwe yasiwe kwenye tairi. Gia ya pili au ya tatu, mafuta yasikatike ghafla, na breki ya mbele uisahau. Ukitaka kusimama, punguza mafuta tu. Mchanga wenyewe utakusimamisha.

Angalia na mzigo. Kidumu cha maji kinachoning'inia kwenye usukani, au kiroba juu ya tangi, kinatosha kulizamisha tairi la mbele. Na matenga yaliyopangwa juu sana nyuma hufanya kinyume: mbele kunakuwa kwepesi mno na kila unapokata kona pikipiki inayumba kama dau lisilo na farumi, yaani uzito wa chini wa kulituliza. Mzigo uwe chini, katikati ya mwili wako na ekseli ya nyuma.

Kama usukani unacheza hata ukirudi kwenye lami, basi si mchanga peke yake. Inua tairi la mbele, lishike kwa mikono miwili, livute mbele na nyuma. Likigonga, kaza beringi za shingo ya usukani. Ukilisukuma upande kwa upande likacheza, beringi za gurudumu zimeliwa, na chumvi ndiyo iliyozila. Gonga spoki moja moja kwa spana: zilizokaza zinalia, iliyolegea inatoa sauti butu.

Jambo lingine kuhusu mahali pa kupita. Mchanga mgumu uko chini, pale maji yalipotoka punde na bado umelowa. Mteremko mkavu wa juu, karibu na mimea, ndio mlaini kuliko wote, na pia ndipo kasa wanapopanda kutaga. Eneo la Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Tairi likipita juu ya kiota linaushindilia mchanga juu ya mayai, na mfereji unaouacha ni ukuta kwa kitoto cha kasa kinachojikokota kwenda baharini. Pita chini. Ni salama kwako na kwao.

Imezama hadi ekseli

Acha mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi baada ya hapo unachimba kaburi zaidi, na mchanga unaorushwa unaingia kwenye cheni na breki.

Zima. Shuka; pikipiki itasimama yenyewe kwa jinsi ilivyozama. Fungua mzigo, funga koki ya mafuta, kisha ilaze taratibu upande wa kushoto, iinamishe mpaka tairi la nyuma litoke shimoni. Fukia shimo kwa miguu na mchanga uliolowa, ushindilie. Isimamishe tena. Sasa tairi liko juu ya ardhi, si ndani yake. Kuti la mnazi lililokauka, au makumbi mawili matatu ya nazi yaliyopondwa, yakiwekwa mbele ya tairi la nyuma yanasaidia sana. Usiipande. Tembea kando yake, injini inawaka, gia ya kwanza, mafuta kidogo, ukiisukuma kwa nyonga hadi mahali pagumu.

Kuna aina ya pili ya kuzama ambayo ni mbaya zaidi. Kwenye midomo ya vijito na karibu na mikoko, mchanga unaonekana mgumu, unang'aa, lakini una maji ndani yake. Ukipita kwa mwendo unakubeba. Ukisimama, hasa injini ikiwa inawaka na kutetema, unalegea kama uji na pikipiki inashuka taratibu chini yako. Hapo usisubiri kufikiri: laza pikipiki mara moja ili eneo lake kubwa liguse mchanga, kisha ivute kwa upande wa usukani, halafu upande wa nyuma, kwa zamu, kama mtu anayesogeza kabati. Nikiona kijito kinamwaga maji baharini, nashuka na kupita kwa miguu kwanza.

Imeanguka, sasa kiki haishiki

Angalia vitu vya kijinga kwanza, maana ndivyo mara nyingi: swichi ya kuzimia kwenye usukani imegongwa ikajizima, koki uliifunga mwenyewe, kofia ya plagi imechomoka.

Halafu, kabla ya kuwasha, zungusha mkono wa mafuta na uuachie. Lazima urudi wenyewe kwa kishindo. Usukani ukiwa umelala mchangani, chembe huingia kati ya mpira na bomba, mkono ukagoma kurudi. Pikipiki ikiwaka katika hali hiyo itakutoka mikononi. Vuta mpira, pangusa, rudishia.

Baada ya hapo, fikiria kuwa injini imekunywa mafuta. Pikipiki ikilala, petroli hutoka kwenye bakuli la kabureta na kuingia ndani. Dalili ni harufu kali ya petroli na kiki laini isiyo na mlipuko. Koki ibaki imefungwa, choki isiwekwe, fungua mkono wa mafuta mpaka mwisho na upige kiki mara saba au nane mfululizo. Ikishtuka, punguza mkono taratibu, kisha fungua koki.

Isipowaka, toa plagi. Na hapa nakusihi: kabla hujaigusa spana ya plagi, puliza na upanguse shimo lote linaloizunguka. Chini ya kofia ile hukusanyika mchanga, na ukitoa plagi kwanza, mchanga wote unaanguka ndani ya silinda. Plagi ikiwa imelowa, ifute, ianike juani dakika chache, funika tundu kwa kitambaa safi, piga kiki mara chache swichi ikiwa imezimwa, rudishia.

Nguvu inapungua taratibu kadiri unavyokwenda

Kuna vyanzo vitatu vinavyofanana sana, na kuvitenganisha kunahitaji uvumilivu.

Cha kwanza ni joto. Injini zetu hupozwa na hewa inayopita kwenye mapezi ya chuma yanayoizunguka silinda. Kati ya Mei na Septemba kusi, upepo wa kutoka kusini, linavuma kwa nguvu, na ukitoka kusini kwenda kaskazini upepo unakupiga mgongoni. Unakwenda kilomita 25 kwa saa, upepo nao unakwenda hivyo hivyo, basi injini imekaa kwenye hewa iliyosimama huku ikifanya kazi kama inapanda mlima. Utasikia inagongagonga kwa ndani, klachi inabadilika, harufu ya oili iliyoungua. Simama na uigeuze uso kwenye upepo, zima, kaa kivulini dakika 20. Pima oili ikishapoa. Kwenye mchanga hupungua haraka. Usithubutu kuimwagia maji, wala ya bahari wala ya kisima. Chuma cha moto kikipata baridi ya ghafla kinapinda au kupasuka. Safari ndefu za kwenda kaskazini msimu wa kusi mimi hupita alfajiri. Mchanga nao una umande na umeshikana.

Cha pili ni kifuniko cha tangi. Kina kitundu kidogo cha kuingiza hewa mafuta yanapopungua. Chumvi na vumbi vikikiziba, pikipiki inakwenda kilomita chache, inakatakata, inazima. Ukipumzika inawaka, nawe unasema ilikuwa joto. Jaribio ni rahisi: inapozima tu, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia "fsss" ya hewa kuingia, umempata mchawi. Zibua kwa kijiti chembamba.

Cha tatu ni ea klina, kichujio cha hewa ya injini. Moshi unakuwa mweusi, mafuta yanaisha upesi, plagi ukiitoa ni nyeusi kavu kama masizi ya chungu. Ya sponji ifue kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni na maji baridi, ikauke kabisa kivulini, halafu idondoshee oili ya injini na uikamue mpaka ibaki na unyevunyevu tu. Sponji kavu haikamati mchanga. Ya karatasi ipulizwe kutoka ndani kwenda nje, na ikichakaa inunuliwe nyingine. Wako vijana wanaotoa ea klina kabisa ili pikipiki "ipumue". Kwenye lami itapumua. Kwenye njia za mikorosho itameza mchanga, ringi za pistoni zitaliwa, na utaanza kuona moshi wa bluu na oili inayopotea. Hiyo ni gharama ya kufungua injini nzima.

Asubuhi inakatakata, jua likipanda inapona

Unyevu wa bahari na chumvi kwenye kofia ya plagi na viungio vya nyaya. Toa kofia, ifute ndani, ikauke. Viungio vya umeme vichomoe, visugue kwa mswaki mkavu, paka grisi kidogo sana, rudishia. Ukilaza pikipiki nje usiku karibu na maji, ifunike.

Cheni na breki

Cheni inayolia "krikikri" imejaa mchanga. Kuipaka grisi nzito ni kuuongezea mchanga gundi. Isafishe kwa mafuta ya taa na mswaki, ifute, ipake oili nyepesi, kisha uifute tena mpaka mkono usichafuke. Iachie mchezo wa milimita 25 hadi 35 katikati; cheni iliyokazwa sana hukatika mahali pabaya. Wanaobeba samaki tuna adui wa ziada: maji ya barafu yenye chumvi yanayodondoka kutoka kwenye tenga juu ya cheni na breki ya nyuma. Kipande cha turubai chini ya tenga, kilichopindwa ili maji yatoke kando, kilinimalizia tatizo hilo.

Breki inayokwaruza baada ya ufukwe ina mchanga ndani ya dramu. Usiendelee kuikanyaga ukidhani itajisafisha. Fungua gurudumu, pangusa, funga.

Imepigwa na wimbi ikazima

Usipige kiki. Hata mara moja. Maji hayabanwi, na yakiwa ndani ya silinda kiki au stata inaweza kupinda chuma cha ndani. Ivute juu, toa plagi kwa uangalifu ule ule, piga kiki bila plagi mpaka maji yatoke. Mwaga bakuli la kabureta. Chungulia oili: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia, na injini isiwake mpaka oili imwagwe na kubadilishwa, pengine mara mbili. Ukiwa peke yako ufukweni huna lita ya oili ya akiba, basi hiyo ni siku ya kutafuta usafiri. Lakini usiiache ilale hivyo. Dondoshea oili kidogo ndani ya tundu la plagi na uzungushe injini polepole, kwa sababu maji ya bahari huanza kula chuma siku hiyo hiyo.

Yanayomhusu aliye peke yake

Pikipiki hizi zina kilo kama 110 hadi 120, na mtu mmoja anaweza kuiinua akijua njia. Funga koki, geuza usukani mpaka mwisho kuelekea upande wa chini, igeuzie mgongo, chuchumaa, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma ya kiti kwa mwingine, kisha tembea kinyumenyume kwa miguu, mgongo umenyooka. Mchanga ukiwa umelishika tairi, chimba kwanza.

Stendi ya pembeni huzama na pikipiki huanguka ukiwa umegeuka. Beba kipande cha bati au ubao wa kiganja kimoja. Ukisahau, tafuta kumbi la nazi.

Simu ikae mfukoni mwako ndani ya nailoni, kamwe isiwe kwenye mkoba uliofungwa kwenye pikipiki. Ukiangukiwa mguu, mkoba utakuwa mbali. Mwambie mtu mmoja unakopita na saa ya kufika, na umwambie tena ukifika. Vifaa vyangu ni vichache: pampu ya mkono, geji, tyubu moja ya mbele (inaingia hata nyuma kwa dharura), viraka na solusheni, vyuma viwili vya kufungulia tairi, spana ya plagi na plagi, waya wa klachi, mswaki, kitambaa safi, na maji ya kunywa lita 3.

Ukirudi

Jaza upepo kabla hujapanda lami. Tairi la paundi 16 kwenye lami ya Mikindani linapata moto, linayumba kwenye kona, na rimu inagonga kila shimo.

Kisha ioshe siku hiyo hiyo, kwa maji baridi ya bomba au kisima, kwa ndoo na kitambaa. Mashine ya presha husukuma mchanga na chumvi ndani ya beringi, basi waombe wasiielekeze kwenye ekseli, shingo ya usukani wala cheni. Anzia chini: spoki, rimu, chini ya madigadi, mguu wa stendi, na zile nguzo za shokapu za mbele, ambazo hufutwa kwa kitambaa chenye oili kabla pikipiki haijabonyea, ili chembe zisikate sili. Washa injini dakika tano ikauke. Paka oili cheni ikishakauka, na uifunike pikipiki kwa turubai lenye upenyo wa hewa.